Marekebisho ya michoro ya AutoCAD: herufi ya toleo ikae wapi?

Swali
Wakuu, kuna michoro 120 ya jengo moja, yote DWG (faili za AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta). Kila ikirekebishwa jina hubadilika: A-101-B, A-101-C, A-101-mwisho. Michoro ya umeme na mabomba inavuta ramani ya ghorofa kwa Xref (kiungo kinachoonyesha faili nyingine ndani ya mchoro), na bado inaonyesha ukuta uliokwisha kuhamishwa. Mnapangaje? Na cha kuhifadhi ni DWG au PDF?

Jibu 1
Mkuu, iondoe herufi kwenye jina la faili ya kazi. Xref hutafuta faili kwa jina. B ikiwa bado imo kwenye folda, mchoro wa umeme utaisoma bila onyo lolote. Heri ingekosekana, ungejua. Faili iitwe A-101.dwg siku zote, na njia za Xref ziwekwe Relative (zihesabiwe kuanzia ulipo mchoro wenyewe) ili folda ikihamishwa zisikatike.

Herufi, tarehe, sababu na jina la mkaguzi viandikwe kwenye jedwali la marekebisho ndani ya mchoro, palipobadilika pazungushiwe wingu kwa amri ya REVCLOUD. Ruka I na O, husomeka kama 1 na 0.

Siku ya kutoa mchoro tumia amri ya ETRANSMIT, tia tiki Include fonts. Inakusanya DWG, Xref, fonti za SHX (herufi za AutoCAD yenyewe) na CTB (faili ya unene na rangi za mistari wakati wa kuchapa) kwenye zip moja. CTB ikikosekana unene wa mistari hubadilika. SHX ikikosekana maandishi hutanuka na kupanda juu ya vipimo. Zip iitwe A-101_C_2025-03-14, iwe ya kusomwa tu.

Jibu 2
Hifadhi vyote viwili. PDF ndiyo ushahidi wa kilichotolewa, DWG ni ya kuendelea na kazi. Chagua PDF/A-2 (PDF/A ni PDF ya kuhifadhi muda mrefu), PDF/A-1 haikubali leya (matabaka ya mchoro) wala rangi zinazopitisha mwanga (transparency). Ihakiki kwa programu ya veraPDF. DWG ya muundo wa 2018 haifunguki kwenye AutoCAD 2017 kurudi nyuma, kwa hiyo ulizia wenzako wanatumia ipi. Faili ya BAK (nakala ambayo AutoCAD hujitengenezea) si hifadhi, hubeba hali ya save moja tu iliyotangulia.

Muuliza swali
Na hizi 120 zilizokwisha kuchanganyika?

Jibu 1
Kwanza nakili folda nzima pembeni, usiiguse tena. Kisha badilisha majina, halafu rekebisha njia za Xref kwa pamoja kwa Reference Manager, inayokuja na AutoCAD kamili lakini si LT, toleo lake dogo. Nakala za karatasi zilizoko saiti zikusanywe au zipigwe muhuri IMEFUTWA siku hiyo hiyo. Fundi hujenga kwa karatasi aliyoishika.