Kaburi la ndugu yetu Arlington: mishumaa inaruhusiwa?

Mwana_Katuba
Jambo jamani. Mwezi wa 11 mama na baba mdogo watatoka Lubumbashi kwenda Marekani. Wanataka kufika makaburi ya kijeshi ya Arlington, karibu na Washington, kwa ndugu yetu aliyekufa akiwa askari wa jeshi la kule. Mama ameshaweka kwenye valizi mishumaa na maua ya plastiki, kama tunavyofanya Siku ya Wafu. Atakubaliwa? Na kaburi watalipata vipi? Yako zaidi ya 400,000!

Yaya_Ruashi
Mishumaa aiache nyumbani. Juu ya makaburi yale hawaruhusu taa za kuwasha, sanamu wala kitu cha kuvunjika, hata chupa ya kutilia maua. Maua ya plastiki yanaruhusiwa kuanzia 10 Oktoba hadi 15 Aprili tu, kwa hiyo Novemba hana shida. Maua mabichi ni wakati wote. Chokaa na brashi pia hapana: jiwe ni marumaru nyeupe, wana watu wao wa kulisafisha.

Kuhusu kaburi, tafuteni mkiwa bado Lubumbashi, kwenye programu ya makaburi hayo yenyewe, inaitwa ANC Explorer. Hapa ndipo Wakongo wengi wanakwama: sisi tuna jina, postinomu (jina la pili, linalofuata jina) na prenomu (jina kama la ubatizo), lakini jeshi la kule linaorodhesha watu kwa jina la ukoo. Jaribuni kila moja kama jina la ukoo, na tahajia zake zote. Mkilipata, andikeni namba ya seksheni (sehemu ya makaburi) na ya kaburi. Namba iko nyuma ya jiwe. Kama alichomwa, majivu yanaweza kuwa ndani ya ukuta, si ardhini.

Papa Kampemba
Naongeza. Pasipoti yenyewe, si fotokopi: kuanzia miaka 16 kila mtu anaonyesha kitambulisho chenye picha, na mizigo inakaguliwa. Ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Pale mapokezi waseme mara moja kwamba ni familia ya marehemu, waulize kibali cha gari, maana ni vilima na wazee watachoka.

Tarehe 11 Novemba waiepuke kama wanataka utulivu. Saa 5 asubuhi kuna sherehe kubwa kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana. Siku nyingine wapite pale: mlinzi anatembea hatua 21, anasimama sekunde 21, anarudi. Majira hayo ya Novemba walinzi wanabadilishana kila saa. Watu wanasimama kimya kabisa.

Na wakikutana na msafara wa mazishi, baba mdogo avue kofia, wasimame mpaka upite. Simu zibaki mfukoni.

Mwana_Katuba
Aksanti sana, wakubwa. Postinomu yake ndiyo tulikuwa tunaandika peke yake. Leo tunaanza upya na prenomu.