SJMC ya UDSM, SAUT Mwanza au aanze diploma? Mdogo wangu anataka utangazaji

DadaWaKimara: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six HKL, kichwa chote ni utangazaji, na ada naisaidia mimi. Nataka aende SJMC, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), atokee hapa hapa nyumbani Kimara, yeye anang'ang'ania SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, mjomba naye anasema apige diploma tu aanze kazi. Mngekuwa nyie?

MtuWaMaiki: SJMC. Nimesoma pale. Sio chuo cha jana, ilikuwa TSJ, Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania, tangu 1975 ndo ikaja kuingizwa UDSM 2003, ila kilichonifaa mimi ni Mlimani Redio na Mlimani TV, ziko mikononi mwa chuo. Siku ya kwanza nasoma taarifa karatasi ikatetemeka mpaka maiki ikawa inadaka ule mchakacho, mama mmoja wa studio akaniambia ilaze mezani, isogelee na mdomo. Mpaka leo nalaza. Ila muulize kwanza anataka nini, maana kuna uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, na uhusiano na matangazo, watu wanajaza tu halafu mwaka wa pili wanalia walitaka kamera.

Msukuma_Nyegezi: SAUT msiibeze jamani, mizizi yake ni kituo cha mafunzo cha Nyegezi cha 1960, chuo kikuu 1998. Mi nilipanga Malimbe, darasani naenda kwa miguu, jioni nabaki chuoni na wenzangu tunahariri. Huyo wa Kimara saa hizo anawaza foleni.

Kibao_cha_Mbuzi: Mjomba hajakosea sana, baada ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kanuni ziliweka diploma kuwa kiwango cha chini cha kupata kitambulisho cha mwandishi wa habari. Ila popote atakapoenda mpiganie kwenye field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, mi redio moja ilinitumia miezi 2 kufuata chai na vocha, sikugusa mashine hata siku moja, iliniuma sana.

MtuWaMaiki: Kweli kabisa mkuu. Dada, kabla hujalipa chochote mpe simu aende sokoni arudi na habari ya dakika 2, asikilize sauti yake mwenyewe.

DadaWaKimara: Asanteni sana. Nimemwambia kesho soko la Mabibo alfajiri, ndizi zikishushwa. Kashaanza kuandika maswali kwenye daftari, na sasa anauliza hiyo Mlimani Redio inapatikana masafa gani.