Wakuu, nakodi gari Koblenz nimtembeze mama kando ya Rhine siku tatu. Nipangeje?

Kijana wa Mbinga
Salaam wakuu. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi umenikata kabisa. Mama yangu anatua Frankfurt mwezi wa tisa, visa imetoka juzi. Amefundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini. Mto Rhine ameuchora kwa chaki ubaoni mara zisizohesabika na hajawahi kuuona. Ndiye aliyenisomesha baada ya baba kuondoka, kwa hiyo nataka auone wote.

Mpango wangu ni huu. Siku ya kwanza tubaki Koblenz: Deutsches Eck, halafu tuvuke mto kwa kebo hadi ngome ya Ehrenbreitstein. Ya pili tupande na mto, Boppard hadi St. Goar, tuvuke daraja tuone mwamba wa Loreley, turudi kwa upande wa pili tupitie ngome ya Marksburg. Ya tatu twende mto Mosel, ngome ya Burg Eltz na mji wa Cochem. Je, nichukue gari dogo au kubwa? Gia za mkono au otomatiki? Mama magoti yanamsumbua. Leseni ninayo, nimeendesha miaka saba bila ajali.

Popo wa Ubungo
Mkuu, huko wanaendesha kulia. Kipilefti yao ni kipiraiti. Ukiingia kwa mazoea ya Ubungo, mama atasoma Zaburi yote kabla hamjafika kwenye mto.

Mkulima wa Hombolo
Mwezi wa tisa ndio wanaanza kuvuna zabibu kule. Sisi Dodoma tunavuna tukiwa tumesimama tambarare, wale wanavuna kwenye ukuta! Nilikwenda kwa mafunzo, wakatupeleka Bremm, kwenye Mosel, shamba linaitwa Calmont. Mteremko wake sijaona mfano. Nilishuka nimekaa kitako, nimeshika mashina, na mzee wa miaka sabini akanipita na kreti begani. Mpeleke mama, lakini aangalie kutoka chini.

Shangazi wa Bonn
Karibu sana mama yetu. Chukua otomatiki, mkono wa kulia usihangaike na gia wakati kichwa kinahangaika na upande. Chukua na dogo, vijiji vya bondeni vina vichochoro vya enzi za farasi.

Ukingo wa kushoto unafuata barabara ya B9, wa kulia B42. Ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa, nje ya mji 100, na ukiona kibao cha 30 kiheshimu, kamera zimejificha. Pasipo na kibao wala taa, anayetokea kuliani kwako ndiye wa kwanza, hata kama anatoka kwenye kichochoro. Hilo linawaponza wengi. Autobahn, barabara zao kuu za kasi, kuna vipande visivyo na kikomo, ila wanashauri 130. Kaa kulia, mpite mtu kwa kushoto tu. Kwenye maegesho mengine unaweka kisahani cha buluu kinachoonyesha saa uliyofika.

Sasa nikuulize: leseni ni ya wapi, na wewe uko Ujerumani tangu lini?

Kijana wa Mbinga
Ahsante sana shangazi. Leseni ni ya nyumbani, daraja D, haijaisha muda. Huku sina muda mrefu. Na kwenye Burg Eltz, gari linafika hadi mlangoni?

Shangazi wa Bonn
Halifiki. Unaegesha juu, mnashuka kwa miguu msituni, au kuna basi dogo la kuwashusha, na kwa magoti ya mama mpande hilo basi. Ngome ile ni ya familia moja tangu miaka zaidi ya 850, iko bondeni imezungukwa na kijito pande tatu. Anza nayo asubuhi.

Lakini hujanijibu. Si muda mrefu ni miezi mingapi, mwanangu?

Mzee wa Baraza
Mtoto akiulizwa mara mbili akajibu swali lingine, ujue kuna jambo. Nimelea wanne, najua.

Kijana wa Mbinga
Haya, nasema. Nilifika Novemba, kwa hiyo mama akija itakuwa miezi kumi. Niko kwenye mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, na anwani nimeshaandikisha. Najua kuna habari ya miezi sita. Lakini pale pa kukodisha wanaangalia leseni, pasipoti na kadi ya benki, basi. Tafsiri ya leseni ninayo. Nimeshalipa euro 214 na hairudishwi. Wenzangu wawili wameendesha hivyo hivyo na hakuna aliyewauliza. Na mama nimeshamwambia kuna gari, amemwambia kila mtu kanisani. Siendi kukimbiza gari, ni siku tatu tu, polepole.

Shangazi wa Bonn
Ndiyo maana nilikuuliza. Nikueleze bila kuzunguka.

Leseni ya kwetu inakubalika kwa mgeni anayetembea. Ukishahamia, unapewa miezi sita. Muda unaweza kuongezwa kwa anayethibitisha kwamba hatazidi mwaka mmoja, na wewe una miaka mitatu. Baada ya hapo, kwa sheria yao unahesabiwa kuwa huna leseni kabisa. Hilo si kosa la faini ya barabarani, ni jinai: faini ya mahakama au kifungo hadi mwaka mmoja. Wakubwa walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hicho cha jinai huku, na kibali chako cha mafunzo, usikijaribu.

Halafu mtu akikugonga kwa nyuma, kosa lake, polisi watadai leseni zenu wote wawili. Bima ya gari lile inaweza kukukataa na mwenye gari akakudai wewe. Kibanda cha kukodisha hakikulindi. Yule anakupa ufunguo tu.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni yake inabadilishwa bila mtihani. Utapimwa macho, utasoma huduma ya kwanza, utafanya nadharia na vitendo. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiingereza. Anza sasa, mwakani utamwendesha.

Popo wa Ubungo
Nilikuja kucheka, nimeishiwa. Dogo, sikiliza shangazi.

Mzee wa Baraza
Mpwa wangu alifanya hivyo hivyo nchi jirani na hiyo. Alisema ni hadi dukani tu. Mama yake aliuza ng'ombe wawili kulipa wakili. Kijana, zawadi ya mama isiwe na uongo ndani. Akijua, hatafurahia hata hilo gari.

Mchunguzi Huru
Samahani wakuu, mimi nimesoma uzi wote na hii ni CHAI. Someni bandiko la kwanza: "St. Goar, tuvuke daraja." Daraja gani? Kati ya Koblenz na Mainz hakuna daraja hata moja, kilomita zote zile! Watu wanavuka kwa pantoni. Mtu aliyekaa Koblenz tangu Novemba asijue hilo? Huyu yuko Sinza na ramani ya intaneti, anatutoa machozi kwa habari ya mama na chaki.

Mkulima wa Hombolo
Duh. Na mimi nimeshaeleza habari za kitako changu.

Popo wa Ubungo
Mleta mada, jitetee. Deutsches Eck kuna nini? Usigugo.

Kijana wa Mbinga
Nimeumia, ila nitajibu. Ninafanya kazi nyumba ya wazee, zamu zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, na siku nyingine niko darasani na kamusi. Miezi yote hii sijapanda na mto hata mara moja. Nilisema nitasubiri mama aje tuone pamoja. Daraja niliona kwenye simu, mstari umekatiza mto, nikajua ni barabara.

Deutsches Eck ninaijua, nikitoka zamu huwa nakaa pale. Kuna sanamu kubwa ya Kaisari Wilhelm juu ya farasi, lakini mimi huwa naipa mgongo. Unakwenda hadi ncha ya ukuta, Mosel inatoka kushoto, Rhine kulia. Hazichanganyiki hapohapo. Siku za baada ya mvua moja ina rangi ya chai ya maziwa na nyingine kijivu, na kuna mshono katikati, vipovu vyembamba vinautembelea. Jani likidondoka upande wa Mosel linakwenda na Mosel yake mbali kabla halijaingia Rhine. Hapo ndipo nilipotaka mama asimame.

Dereva wa Mannheim
Huyu hadanganyi. Mstari huo wa pantoni kwenye simu ulinipeleka mimi mwenyewe ukingoni usiku, mvua inanyesha. Pantoni imefungwa, taa zimezimwa, ng'ambo naiona kama Kigamboni kabla ya daraja la 2016, nyumba ile pale na hufiki. Nikarudi hadi Koblenz kuvuka. Na mimi nilikuwa na miaka sita huku, si miezi.

Mchunguzi Huru
Ule mshono wa maji nimeuona kwa macho yangu. Nafuta neno chai, dogo, unisamehe. Ila habari ya leseni iko palepale.

Kijana wa Mbinga
Nimekusamehe kaka. Nimepiga simu pale pa gari. Hela hairudi. Wanakubali dereva mwingine, ila kadi na leseni viwe vya kwake, na mimi sina wa kumwomba. Bado roho inasita, shangazi, maana mama kupanda na kushuka treni siku tatu na magoti yale...

Shangazi wa Bonn
Nani kasema treni siku tatu? Kuna meli, mwanangu. Zinapanda na mto kutoka Koblenz asubuhi hadi mwezi wa kumi, mama anakaa kitini na ngome zinampitia mbele. Bonde hilo limo kwenye urithi wa dunia tangu 2002, na barabarani dereva haoni hata nusu yake, macho yako kwenye malori. Mosel mwende Cochem kwa treni moja tu. Eltz iache hadi upate leseni.

Kijana wa Mbinga
Nimempigia mama sasa hivi, nimemwambia yote, hadi habari ya miezi sita. Kanyamaza kidogo, halafu ameuliza: huo mwamba wa Loreley utaonekana kutoka melini?

Shangazi wa Bonn
Utaonekana wote, mita 132, kutoka majini hadi juu. Mkikwea mto mkae upande wa kushoto. Na msishuke St. Goar na wale wenye haraka, mwamba uko mbele kidogo. Shukeni Oberwesel, stesheni haiko mbali, mrudi Koblenz kwa treni. Mama achukue koti, juu ya sitaha pana upepo.