Mshtakiwa wa kifo cha mdogo wangu anataka kukiri kosa dogo. Familia tuna usemi gani?

Nahodha_NchiKavu

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Mimi kawaida husoma tu hapa na kupita, leo nimelazimika kuandika kwa sababu nyumbani hakulaliki.

Mdogo wangu alikuwa mwendesha bodaboda huku Kwale, Kenya. Aliuawa kwa kisu, sasa ni miaka miwili na miezi. Ugomvi ulianzia kwenye deni la pikipiki. Aliyemchoma ni jirani, tumekua naye, mamake na mama yangu walikuwa chama kimoja. Alishtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu, na tangu hapo ni kutajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa. Walioona kwa macho ni wawili. Mmoja, dada aliyekuwa akiuza viazi karai pale steji, alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani na simu haishiki. Wa pili sasa anasema kulikuwa giza.

Wiki jana afisa mpelelezi alimpigia mama. Akamwambia upande wa mashtaka unazungumza na wakili wa mshtakiwa, atakiri kuua bila kukusudia na kesi iishe, je, mwaonaje? Mama akakata simu. Hakuuliza, hakulia, alikata tu na akarudi kukuna nazi.

Juzi ndipo tukajua wazee wa upande wa pili walikwishamwendea ami yetu, na kuna bahasha. Ami asema hiyo ni diya, fidia ya damu, dini inaruhusu, na kesi za serikali hazina mwisho. Mama asema damu ya mwanawe haipitishwi dirishani.

Nataka kujua: sisi tunaulizwa kwa heshima tu, au sheria inatutambua? Tukikataa, inazuilika? Na hizo pesa tufanyeje? Tarehe ya mahakama ni wiki mbili kutoka leo.

KofiaNyeusi

Pole ndugu, lakini mmeshauzwa. Mwenye wakili hupata "bila kukusudia", mwizi wa kuku hula miaka yake kamili. Fungeni barabara.

Wakili_wa_Barazani

Kofia, mtu ana msiba, barabara itamsaidia nini.

Nahodha, pole sana, na mama mpe pole zangu. Nimefanya kesi za jinai miaka mingi, nyingi upande wa mshtakiwa, kwa hiyo ninayosema nimeyaona kutoka kiti cha pili.

Hayo yanaitwa mapatano ya kukiri kosa. Yaliingizwa mwaka 2008 katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 137A na vinavyofuata. Kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa wanazungumza, shtaka linashushwa au mengine yanaondolewa, naye anakiri. Jaji haketi kwenye mazungumzo, huletewa yaliyokwisha kuandikwa. Kesi ya mauaji inaweza kupatanwa. Haiwezekani kwa makosa ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, wala mauaji ya halaiki na jinai za kivita.

Sheria inawatambua. Kifungu cha 137D kinamtaka kiongozi wa mashtaka, kabla ya kutia saini, azungumze na mpelelezi na ampe mwathiriwa au mwakilishi wake nafasi ya kusema anavyoyaona yaliyomo. Kuna kishimo humo: "isipokuwa hali hairuhusu". Wapo wanaojificha ndani yake, kwa hiyo msikae mkingoja simu. Halafu kuna Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014. Kifungu cha 9 kinasema wazi kwamba mwathiriwa ana haki ya kutoa maoni katika mapatano ya aina hii, na mwathiriwa ni yeyote aliyepata madhara au hasara kwa sababu ya kosa. Mama yumo.

Kuzuia, hapana. Mwenye kesi ni Jamhuri. Mama akisema la, DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, bado anaweza kutia saini. Jaji naye anaweza kuyakataa mapatano, na akiyakataa yanabatilika, mshtakiwa anahesabiwa kuwa amekana, na aliyoyasema katika mazungumzo hayawezi kutumiwa dhidi yake. Lakini usimwambie mama kwamba neno lake ndilo litakaloamua. Nimeona familia zikivunjika moyo mara mbili kwa kuambiwa hivyo.

Sasa nikwambie ambalo ningelishikilia zaidi ya jina la kosa: ombeni kuyajua maelezo ya kesi yatakayosomwa mahakamani. Sisi wa utetezi, shtaka likishashuka, kazi inayobaki ni kulainisha maelezo. "Marehemu ndiye aliyeanza kumrukia." "Wote wawili walikuwa wamelewa." "Kisu kilikuwa pale pale cha kumenyea viazi." Kila sentensi kama hiyo ina miaka ndani yake. Na ikisomwa, mshtakiwa akakiri, hiyo ndiyo kweli ya mahakama, hakuna shahidi atakayesimama kuipinga. Kuua bila kukusudia, kwa kifungu cha 205 cha Kanuni ya Adhabu, kunaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha. Kunaweza pia kumrudisha nyumbani na kifungo cha nje. Jaji atachagua mahali kati ya hapo na hapo kwa kuyatazama maelezo hayo.

Nahodha_NchiKavu

Wallahi hili hatukulijua. Mdogo wangu hata sigara hakuvuta. Na kile kisu jamaa alikwenda nyumbani kukichukua akarudi nacho, yule dada wa viazi aliandikisha hivyo polisi.

Wakili_wa_Barazani

Basi umeshika shina. Mtu aliyekwenda nyumbani, akachukua kisu, akarudi, huyo si sawa na mtu aliyeokota kisu katikati ya vurugu. Taarifa ya huyo dada imo katika faili hata kama mwenyewe yuko Saudia. Muulizeni kiongozi wa mashtaka waziwazi: hilo la kwenda na kurudi litakuwamo katika maelezo au limeachwa? Kama limeachwa, kwa nini?

Na msimchukie kabla hamjamsikia. Kama shahidi mmoja hapatikani na wa pili amelegea, huenda anahesabu kwamba akiendelea na mauaji mtu atatoka huru kabisa. Sipendi hesabu hiyo, lakini ni ya kweli, na mna haki ya kuisikia kutoka kwake ana kwa ana.

Karani_Mstaafu

Nimekaa masjala miaka mingi, naomba niseme mawili matatu.

Ile simu aliyoikata mama ndiyo inayonitia wasiwasi. Isije ikaandikwa mahali kwamba "familia imeulizwa, haikuwa na maoni". Andikeni barua kesho, si wiki ijayo. Namba ya kesi juu, jina la mama, mseme hamjapewa nafasi ya kutosha, mnaomba kukutana na kiongozi wa mashtaka kabla ya tarehe, na mnaomba maoni yenu yawekwe kwenye faili. Nakala mbili, ya kwenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri haijawahi kufika popote, mimi ndiye niliyekuwa nikigonga.

La pili ni taarifa ya mama kuhusu alivyoathirika. Hii ni tofauti na maoni juu ya mapatano, watu huzichanganya. Inatolewa baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani, kabla ya adhabu. Aliyeuawa akiwa hayupo kusema, jaji huipokea ya familia na kukiri kwamba ameipokea. Kuitumia katika kupima adhabu ni hiari yake. Iandikwe, isiwe ndefu. Mama aseme nani alikuwa akilipa kodi, nani sasa anampeleka mtoto shule. Kama marehemu aliacha mtoto, atajwe. Laana zisiandikwe, ingawa najua zipo.

Mama_Watatu

Mimi yalinipata. Mume wangu. Nilikwenda mahakamani na khanga yangu ya kutolea ushahidi, wito wa shahidi mkononi, nikaambiwa mama rudi nyumbani, kijana amekiri, imekwisha. Hakuna aliyeniambia kabla.

Baada ya wiki akaja nyumbani mama mmoja wa probesheni, anaandika ripoti ya kumpa jaji. Kwa hasira nikamfungia mlango. Ripoti ikaenda na maneno ya familia ya mshtakiwa peke yake, jinsi alivyo mtoto mtiifu na anayemtunza bibi yake. Nahodha, huyo akija, mpeni kiti. Mpeni hata chai. Semeni yenu.

Na mjane yuko wapi? Umetaja mama, ami na wewe.

Nahodha_NchiKavu

Dada, umenigusa. Shemeji alirudi kwao Lunga Lunga baada ya eda. Mtoto ni wa kike, miaka minne, yuko na mama. Kusema kweli hakuna aliyempigia shemeji. Nitampigia leo.

Mgosi_wa_Tanga

Poleni majirani. Huku kwetu Tanzania jambo hili liliingia mwaka 2019, nasi wengi tulilisikia kwanza katika kesi za uhujumu uchumi, watu wakirudisha pesa na kutoka. Kifungu chetu cha 194A kilipoandikwa kilisema mwendesha mashtaka atashauriana na mwathirika AU mpelelezi, pale mazingira yanaporuhusu. Hilo "au" ndugu zangu! Akishaongea na mpelelezi amemaliza kazi. Nyie mna "na". Itumieni.

KofiaNyeusi

Sawa, nimetulia. Lakini ami ana hoja. Si mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji ifutwe kabisa baada ya familia kulipana kwa mila na dini? Ngamia na mbuzi. Sasa wa Kwale wana kosa gani?

Wakili_wa_Barazani

Kumbukumbu nzuri. Lakini tazama aliyeomba: ofisi ya DPP yenyewe ilisimama mbele ya jaji ikaomba kuliondoa shtaka, baada ya familia zote mbili kuandika kwamba zimeridhika. Kila kitu kilikuwa mezani. Uamuzi ule ulipigiwa kelele nyingi na haujawa ruhusa ya kila mtu kwenda na bahasha.

Na hapa ami ajue kinachofuata. Siku ya kuomba nafuu ya adhabu, mimi kama wakili wa mshtakiwa nitasimama niseme: "Mheshimiwa, familia zimepatana, fidia imepokewa na ami wa marehemu." Mama atakuwa amekaa nyuma, hajui lolote, na jaji ataandika. Bahasha ile inanunua sentensi hiyo moja.

Kama familia inaitaka fidia, na sioni aibu ndani yake kwa kuwa kuna mtoto wa miaka minne, basi iingie ndani ya mapatano. Sheria inaruhusu mapatano yawe na fidia, na yakiwa nayo, upande wa mlalamikaji nao hutia saini. Hapo ndipo mtakuwa na karatasi halisi ya kuisoma. Iandikwe ni kiasi gani, lini, na kwa ajili ya nani. Mkitaka pesa za mtoto zisipitie mfuko wa mtu mzima, semeni hivyo hivyo kabla ya saini. Baada ya hukumu ni vigumu, kwa sababu hukumu ya mapatano ni ya mwisho isipokuwa katika suala la adhabu, ama ithibitike kulikuwa na udanganyifu.

Mkiweza kupata wakili wa kusimama kwa niaba ya familia, mpateni. Mahakama ya Juu mwaka 2020, katika kesi ya Waswa iliyotoka Bungoma, ilisema mwathiriwa ana haki ya kushiriki kesi kupitia wakili wake, ilimradi asigeuke kuwa kiongozi wa mashtaka wa pili na asimnyime mshtakiwa haki yake. Siku hizi hatukai tu nyuma na kalamu.

Karani_Mstaafu

Niongeze: mama kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kidigo, aseme mapema. Mkalimani ni haki yake na halipiwi.

Nahodha_NchiKavu

Wandugu, nimerudi. Ni siku tisa tangu niandike.

Barua imepokelewa, mhuri upo (Karani, nilikukumbuka pale dirishani). Kiongozi wa mashtaka alitupa nusu saa. Tulikwenda mimi, mama na shemeji. Ni kijana mdogo, nilijiandaa kugombana naye nikashindwa. Alitufungulia faili akatuonyesha shahidi wa pili alivyobadilika. Maelezo waliyokuwa wameandika hayakuwa na lile la kwenda nyumbani kuchukua kisu. Mama alimuuliza swali moja tu: "Na safari ya kwenda na kurudi mmeiweka wapi?" Akanyamaza, akaandika. Amesema atalirudisha kwa wakili wa mshtakiwa, na kama hawalikubali hakuna mapatano, wataendelea na mauaji. Hakuahidi zaidi.

Mama bado hataki. Lakini amesema afadhali lisomwe lilivyokuwa.

Shemeji ameomba fidia iandikwe kwa jina la mtoto. Hapo ndipo penye swali langu la sasa. Ami alipoambiwa arudishe bahasha kabla ya tarehe, amesema ilikuwa na elfu arobaini, na zimeshatumika: elfu kumi na tano amezitia mabati, zilizobaki hasemi. Mahakamani ni Jumatano.

Karani_Mstaafu

Mabati hayarudi. Ami aandike kwa mkono wake leo kwamba alipokea kiasi hicho, tarehe fulani, kutoka kwa fulani, bila mama na mjane kujua, na atie saini mbele ya mzee wa mtaa. Mpelekeeni kiongozi wa mashtaka kabla ya Jumatano, ili wakili wa upande wa pili akisimama kuyasema, yawe yamekwisha kusikika. Akikataa kuandika, mama na shemeji waandike wao kwamba hawakupokea.

Mama_Watatu

Na Jumatano mfike saa mbili. Kesi za mapatano huitwa mapema.