Tuliotoka kukimbiza pikipiki barabarani tukaingia treki, tupeane uzoefu

Gia ya Sita
Wakuu, habari za majukumu.

Nimetumiwa video ya vijana wakikimbizana usiku barabara ya Bagamoyo, hawana hata koti, ikanikumbusha mbali. Najua humu wapo waliokuwa hivyo hivyo kisha wakahamia treki, zile njia za mbio zilizofungwa: wa Nairobi mnaoshuka Whistling Morans pale Athi River, wa Dubai, Muscat na Doha, na wa Ulaya. Ulichotoka nacho barabarani kipi kilikusaidia, kipi kilikuponza?

Naanza mimi. Kilichonitesa ni macho. Barabara zetu zinakufundisha kutazama karibu: shimo, mchanga, bajaji inayogeuka bila indiketa, daladala inayochomoka kituoni. Jicho linakaa mita chache mbele ya tairi, na ndiyo maana uko hai. Treki ukitazama hapo umekwisha. Kona inakufikia kabla hujajipanga, unashika breki ukiwa umeshalala, pikipiki inainuka na kutaka kwenda moja kwa moja nje. Mwalimu alinifuata nyuma, tukarudi pembeni, akanigusa kidevu na kidole. Akasema hiki ndicho kielekee unakotokea, siyo unakoingia. Nikainua kidevu, mabega yakafuata, pikipiki ikafuata. Spidi ile ile, ila nikaanza kuona kila kitu kinakwenda taratibu.

Mtoto wa Rongai
Hapo kwa macho umesema kweli kabisa.

Mimi barabara ya Magadi naijua kona kwa kona, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Kule unazoea kubakisha: lori laweza kuwa limekata upande wako, ng'ombe wamelala kwa lami, kwa hivyo hauendi na nguvu zako zote. Sasa treki hakuna kitu inakuja mbele. Lami yote ni yako, ukingo hadi ukingo, na mwili unakataa kuitumia. Nilikuwa napita katikati tu, nikiogopa ule upande mwingine ni wa watu. Wakaniwekea koni tatu: ya kuingilia nje kabisa, ya kugusa ndani, ya kutokea nje tena. Wakaniambia sahau mwendo, gusa hizo tatu. Kona yenye ilikuwa inanitoa jasho ikawa karibu mstari mnyoofu.

Dada wa Kona
Koni ndizo zilizonifundisha na mimi. Nakazia.

Boda Mbagala
Shikamooni wakubwa. Mimi sina dubwana, nina Boxer ya kazi. Nauliza: sisi vijiweni tunafundishana breki ya mbele ni ya kufia, inakupindua. Wengine wanailegeza kabisa ili wasiishike kwa bahati mbaya. Nasikia nyie huko treki mnaitegemea hiyo hiyo. Ni kweli?

Fundi Cheni
Marahaba mdogo wangu. Ni kweli tupu. Ukishika breki, uzito mwingi wa chombo na wa kwako unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini, linashika. La nyuma linakuwa jepesi, ukilibana sana linajifunga na kuanza kucheza. Huko treki mtu akiwa mwisho wa mnyoosho, breki ya mguu haina kazi kubwa. Kulegeza breki ya mbele ni kutupa breki yako nzuri kuliko zote.

Kifaru Mweusi
Mzee acha kumponza mtoto wa watu. Wewe unazungumzia lami ya treki. Yeye anapita mchanga wa Mbagala na abiria wawili na gunia la mkaa. Akiishika hiyo ya mbele kwenye mchanga amekwenda.

Fundi Cheni
Nani kasema aishike kwenye mchanga? Na abiria wawili ndiyo hatari yenyewe, usiihamishie kwa breki.

Kifaru Mweusi
Njoo uishi na bodaboda wiki moja ndipo uandike.

Fundi Cheni
Nawafungulia magurudumu kila siku, mwanangu. Breki shuu za nyuma zimekwisha hadi chuma, za mbele mpya zina vumbi la dukani. Na miguu iliyovunjika naiona.

Dada wa Kona
Jamani wote mna hoja. Tatizo siyo breki ipi, ni namna ya kuishika. Barabarani tunashtuka, kwa hiyo tunaidaka ghafla. Treki walinifundisha kuibana kama unakamua limau bila kutaka mbegu zitoke: mwanzo kidogo, unasubiri mbele ikae chini, ndipo unaongeza. Ukishamaliza kupunguza unaiachia vile vile polepole, usiitupe. Mchanga na kokoto ni habari nyingine, hapo unapunguza mwendo mapema kabla hujafika.

Mkazi wa Kent
Niongeze la hofu. Huku Uingereza nilianzia Brands Hatch, ule mzunguko mfupi. Kona ya kwanza inaitwa Paddock Hill Bend. Unaingia kulia huoni inakoishia, ardhi inadondoka chini yako, tumbo linabaki juu, halafu hapo hapo unaanza kupanda kwenda kona ya Druids. Nimeendesha London miaka mingi kwenye mvua na mabasi, nilidhani hakuna jipya. Mizunguko ya kwanza mnaongozwa, kupitana marufuku. Ikumbatieni hiyo mizunguko. Wengi wanaiona ya kitoto, kumbe ndiyo nafasi pekee ya kujua pa kushikia breki bila mtu mgongoni.

Mzenji wa Muscat
Assalaam aleikum. Nilikuwa nasoma kimyakimya, lakini habari za kona zimenirejesha pabaya. Naomba mnistahamilie, ni refu.

Ilikuwa treki moja huku Ghuba. Jina naliacha, maana watu wa pale walinitendea wema. Tulipakia pikipiki kwenye pikapu usiku, mie na sahibu yangu, tukavuka mpaka kabla ya alfajiri kwa sababu joto la mchana huku halina mzaha.

Kipindi cha kwanza salama. Cha pili, matairi yameshapata moto, mbele yangu yuko jamaa mwenye pikipiki nyekundu, tunakwenda sawa, sina haja ya kumpita. Tukatoka kwenye mnyoosho, tukashika breki, nikaona vitone kwenye kioo cha helmeti. Jangwani, mbingu nyeupe, vitone vyatoka wapi? Halafu harufu ikaingia, tamu hivi, ile ya kulanti, maji ya kupozea injini, iliyochemka. Nikasema moyoni "rejeta", na kabla neno halijesha tairi la mbele halipo. Halikuteleza likanipa nafasi ya kufanya lolote. Lilikuwepo, halafu halipo. Nikajikuta nimelalia bega la kulia, pikipiki yangu imenitangulia, inazunguka, cheche zaruka.

Hapo bado hapajawa pabaya. Suti ya ngozi inateleza vizuri kwenye lami. Asubuhi tuliambiwa: ukianguka iachie pikipiki, kunja mikono kifuani, wala usijaribu kusimama hadi uwe umetulia kweli, kwani kichwa hudanganya, wadhani umesimama kumbe bado wakwenda. Nikafanya hivyo. Nikaingia kwenye kokoto, nikasimama. Nikainua kichwa kutazama nilikotoka.

Ndipo nikamwona sahibu yangu anaingia kona ile ile, mstari ule ule, juu ya kulanti ile ile.

Nilipiga kelele ndani ya helmeti, nani atanisikia? Akaanguka. Mwenyewe alibaki kwenye lami, lakini pikipiki yake ikafuata njia yangu. Ilipogusa kokoto ikaanza kupinduka, yarushwa juu, yarudi chini, na yaja. Nikataka kuinuka, mkono haukunibeba. Mtulinga ulikuwa umeshakatika na mie sina habari. Nikajikunja, nikaficha shingo. Ncha ya usukani ikachimba karibu na kichwa changu, kokoto zikanipiga kwenye helmeti, ile chuma ikapita juu na kuanguka nyuma yangu. Nilikuwa nasikia gurudumu lake bado linazunguka.

Bendera nyekundu zikatoka kila pembe. Baadaye nikaambiwa ile ya njano yenye mistari myekundu, ya kuonya kwamba lami inateleza, ilikuwa inanyanyuliwa wakati mie naanguka. Wasimamizi walinifikia sijapata hata pumzi ya kusema jina langu, ambulensi ikiwa nyuma yao. Sahibu yangu kaja anachechemea, kanishika kiatu maana bega haligusiki, analia. Yule wa pikipiki nyekundu hakujua lolote, alimaliza mzunguko ndipo wakamtoa. Bomba la rejeta lilikuwa limechomoka kwenye klipu.

Nayaandika haya kwa sababu watu hutuambia treki ni salama, basi. Treki hapana nguzo ya taa, hapana gema, hapana lori linalokuja, na daktari yupo. Kuanguka kule kule kwenye barabara ya Quriyat mie ni marehemu. Lakini ukiwa treki, chombo cha aliye mbele yako ndicho barabara yako. Tangu siku hiyo rejeta yangu ni maji matupu. Maji yakimwagika yanakauka. Kulanti ile ya glaikoli inabaki hapo inateleza, na kuiosha ni kazi.

Boda Mbagala
Mkuu mwili umenisisimka. Sahibu yako alipona?

Mzenji wa Muscat
Alhamdulillahi. Kifundo cha mguu tu. Bado twaendesha pamoja.

Mtoto wa Rongai
Nimesoma hii nikiwa kwa mat, nikapitwa na stage yangu. Pole sana ndugu.

Kifaru Mweusi
Sasa huyo wa nyekundu alilipa? Maana hapo kuna pikipiki mbili zimeharibika na mfupa wa mtu.

Mkazi wa Kent
Huku kabla hujaingia unasaini karatasi kwamba umeielewa hatari na kila mtu anabeba hasara ya chombo chake. Na bima ya barabarani mara nyingi haifiki treki, soma mkataba wako vizuri.

Kifaru Mweusi
Hiyo ni dhuluma iliyoandikwa kwa wino. Mtu akuvunje mtulinga halafu mkono mtupu?

Mkazi wa Kent
Klipu imelegea, hakukusudia. Ukianza kudaiana kila anayeanguka, hakuna atakayekubali kuendesha nyuma ya mwenzake.

Kifaru Mweusi
Basi waliokagua pikipiki asubuhi ndio walipe.

Mzenji wa Muscat
Yakhe, msigombane kwa ajili yangu. Yule bwana alikuja hospitali na tende na chupa ya kahawa, akakaa mpaka wakamtoa. Mie kwangu limekwisha.

Doha Usiku
Kwa wanaotaka kuja Lusail: mzunguko una kilomita 5.38, kona 16, na mnyoosho unaozidi kilomita moja. Mashindano ya dunia ya pikipiki, MotoGP, yalifika hapa 2004, na tangu 2008 yanakimbiwa usiku chini ya taa. Kitu ambacho runinga haikuonyeshi ni mchanga. Upepo unauleta kila siku. Mstari wanaopita wote uko safi, ukitoka kidogo kando kumpita mtu umekanyaga vumbi. Mpite kwenye mnyoosho, kona muachie.

Dada wa Kona
Wanaouliza vya kuandaa: toa saitimira, ziba taa na indiketa kwa utepe, kagua cheni na pedi za breki. Upepo wa tairi upunguze. Tairi likipata moto hewa inapanuka na namba inapanda yenyewe, kwa hiyo ukiingia na psi 36 mbele na 42 nyuma kama za barabarani, baada ya mizunguko michache tairi limekuwa gumu na eneo linalogusa lami limepungua. Mimi naanzia 30 kote kwa tairi za barabarani, napima nikitoka.

Kifaru Mweusi
Mimi sipunguzi. Kitabu cha pikipiki kimeandikwa na waliotengeneza.

Fundi Cheni
Kitabu kiliandikwa kwa safari na mizigo. Punguza, ila usisahau kurudisha kabla ya kushika barabara ya nyumbani.

Gia ya Sita
Na pikipiki ndogo jamani. Mwenye injini ya cc 400 anajifunza kona. Mwenye 1000 anajifunza mnyoosho, kisha kona inamtisha, siku imeisha.

Mtoto wa Rongai
Hapo nakataa. Niliingia na litre bike, hiyo ya 1000, na nikajifunza sawa tu.

Dada wa Kona
Kaka yangu, mimi niko na Ninja 400. Tukutane kona.

Mtoto wa Rongai
Sawa dada, nimenyamaza.

Lakini niseme hii na nimaanishe. Tangu nianze treki nimeacha kukimbizana Southern Bypass. Ukishajua pikipiki inahitaji umbali gani kusimama, na hapo ni lami safi na umejipanga, hautaki tena kuwa mwendo huo mahali watu wanavuka kwa miguu.

Jirani Mwema
Siyo wote. Binamu yangu alirudi treki na majivuno, akaanza kulaza goti kwenye mizunguko ya mjini. Aligonga mzee wa baiskeli. Mzee anatembea kwa mkongojo hadi leo. Kwa hiyo msiseme treki inamponya mtu. Inamuongezea uwezo, na akiwa hana adabu anautumia vibaya.

Mkazi wa Kent
Hii ya Jirani Mwema isomwe mara mbili. Mstari mzuri wa treki unakupeleka ukingoni mwa lami. Barabarani ukingo huo una mtu.

Boda Mbagala
Wakubwa, na mimi wa Boxer nianzie wapi? Treki sina na hela sina.

Gia ya Sita
Tafuta uwanja mtupu wenye lami au ardhi ngumu, asubuhi kabla ya watoto. Weka chupa mbili za maji. Ya kwanza ndipo unaanza kushika breki, ya pili ndipo unataka kusimama. Anza na mwendo wa 30, ukizoea sogeza chupa zikaribiane. Helmeti ifungwe, viatu vya kamba, suruali nzito. Abiria hapana.

Fundi Cheni
Kabla ya chupa, breki yenyewe. Niandikie pembeni nikuelekeze gereji, niifungue hiyo ya mbele tuiangalie. Kazi yangu hulipi.

Boda Mbagala
Mungu akubariki mzee wangu. Jumamosi naweza?

Fundi Cheni
Jumamosi saa mbili asubuhi. Njiani pitia dukani uchukue waya mpya wa breki, ule uliolegezwa sitaufunga tena.