Pesa ya madini na kansere ya damu: tuanze na mashine ya mionzi?

MWALIMU WA KATUBA
Jambo yenu wote. Kuna karatasi inazunguka mjini Lubumbashi, hapa Kongo, kwenye makanisa na masoko, ikikusanya sahihi. Inaomba mkoa utoe pesa ya madini ununue mashine ya mionzi "kwa ajili ya watoto wetu wenye kansere ya damu". Mimi nimekataa kutia sahihi. Nisomeni kwanza, mawe baadaye.

Mashine naitaka. Ninachopinga ni sababu iliyoandikwa pale. Mionzi hulenga mahali: uvimbe uko hapa, piga hapa. Kansere ya damu inazaliwa ndani ya uboho wa mifupa na kutembea na damu mwili mzima, utalenga wapi? Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na dawa: vinkristini, asparajinasi, metotreksati, merkaptopurini, prednisoloni, kwa zaidi ya miaka miwili. Zote ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa watoto. Mtoto aliyezikosa hizo, hata mkimjengea mashine tatu mtamzika.

Na pesa ipo kisheria. Kanuni ya Madini ya Kongo ya 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni za madini kwa serikali, na komini au sekta (utawala wa chini ya mkoa) yenye mgodi asilimia 15. Ianze wapi? Hilo tu ndilo ninalouliza.

MAMA WA KOMINI KENYA (LUBUMBASHI)
Mwalimu, unaongea kama mtu aliyeshiba. Mtoto wa dada yangu alitibiwa ng'ambo, kansere ya damu hiyohiyo, na munganga alimpiga mionzi kichwani. Leo ana watoto wake. Sasa unatuambia mionzi si kitu? Nyinyi wasomi mkisema "dawa kwanza", wakubwa wanasikia "mashine kamwe", na mwishowe hatupati mashine wala dawa.

MUUGUZI WA KAMPEMBA
Mama, mpwa wako alitibiwa vizuri kwa wakati wake, na heshima ya mionzi inatoka hapohapo. Miaka ya 1960, madaktari wa St. Jude, hospitali ya watoto kule Memphis, Marekani, waliona kitu cha kukatisha tamaa. Dawa inasafisha damu, mtoto anarudi kucheza, halafu ugonjwa unaibuka tena kwenye utando wa ubongo. Dawa nyingi za mshipani hazifiki huko vizuri, na seli chache zinajificha. Timu ya Donald Pinkel ikaongeza mionzi ya kichwa, grei 24 (grei ni kizio cha kupimia mionzi), pamoja na metotreksati ya kuchomwa mgongoni. Karibu nusu ya watoto wakapona, kwa ugonjwa ambao kabla ya hapo ulikuwa karibu hukumu ya kifo.

Gharama ilionekana baadaye. Waliopigwa kichwa wakiwa wadogo, wengi walisumbuka na masomo na kumbukumbu, wengine hawakurefuka, na wachache walipata uvimbe wa ubongo miaka mingi mbele. Kipimo kikashushwa hadi 18, kisha 12, kisha wakathubutu kuacha. Mwaka 2009 St. Jude ileile ilichapisha matokeo ya watoto 498 ambao hakuna aliyepewa mionzi ya kichwa ya kinga; walipewa dawa za mshipani zilizopangwa kwa ukali zaidi na sindano za mgongoni. Baada ya miaka 5, zaidi ya 90 kwa kila 100 walikuwa hai.

Sindano ya mgongoni inataka metotreksati isiyo na kemikali za kuhifadhia, sindano ndefu na mkono uliozoea. (Na vinkristini isiwe hata kwenye chumba kile siku hiyo. Ikiingia mgongoni kwa kosa, inaua.) Haitaki jengo la kuta nene za saruji kama mashine.

FUNDI WA RUASHI
Mnaongea Memphis, mimi naongea hapa. Kongo inachimba kobalti, madini yanayotiwa kwenye mashine za mionzi, kuliko nchi yoyote duniani, halafu mgonjwa wetu anavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta mionzi kwa watu. Hata kabla ya kobalti: tangu 1922 mawe ya Shinkolobwe, mgodi wa urani hapa Katanga, yalisafishwa Olen, Ubelgiji, yakatoa radiamu ya kutibu kansere za Wazungu. Dunia imetibiwa kwa udongo wa Katanga karne nzima. Mimi nimetia sahihi mara moja, na mke wangu pia.

MZEE WA KAMALONDO
Mwanangu, maliza hadithi. Urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya bomu la Hiroshima. Na kansere ya kwanza kuonekana ikiongezeka kwa waliookoka ilikuwa hii hii ya damu, hasa kwa waliokuwa watoto. Mionzi ina pande mbili, uliza kwanza nani ataishika.

MUUGUZI WA KAMPEMBA
Fundi, kobalti ya gunia haitibu mtu. Lazima ikae ndani ya tanuri la nyuklia hadi igeuke kobalti-60, na ikifika hospitalini inapoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5 hivi, unanunua tena. Ile mashine nyingine, ya umeme, haina kobalti ndani, lakini inataka umeme usiokatika na injinia wa kukaa nayo karibu. Umeme wetu mnaujua. Kampala walikuwa na mashine moja ya kobalti tangu 1995. Ilipokufa moja kwa moja mwaka 2016, nchi nzima ilikaa zaidi ya mwaka ikisubiri nyingine.

MWANAFUNZI WA UDAKTARI
Yaya Muuguzi kasema kweli, ila Mwalimu kaiminya mionzi mno. Ugonjwa ukirudi kwenye korodani, mionzi bado ina kazi. Bandama likivimba hadi mtu hawezi kula, kipimo kidogo kinalipunguza, ingawa hakimponyi. Na kabla ya kupandikizwa uboho, mwili wote hupigwa, mara nyingi grei 12 zilizogawanywa kwa siku 3, kuua uboho wa zamani. Watafiti walidhani dawa peke yake zingetosha. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, kwa watoto wa zaidi ya miaka 4, ukaonyesha kinyume: baada ya miaka 2, waliopigwa mionzi 91 kwa 100 walikuwa hai, wa dawa peke yake 75.

Lakini upandikizaji unataka damu salama kila siku, vyumba vya kutenga wagonjwa, maabara ya kupima kama uboho wa ndugu unalingana na wa mgonjwa. Mashine ndiyo ya mwisho kwenye foleni hiyo. Na kwa kansere ya damu ya watu wazima inayokwenda polepole, ile iitwayo ya mieloidi, tangu 2001 kuna vidonge vya imatinibu. Mtu anameza nyumbani na anaenda kazini.

MAMA WA KOMINI KENYA
Sawa, nimeelewa. Basi niseme jambo ambalo hamtalipenda. Waliotunga karatasi waliweka mtoto kwa sababu mtoto anagusa watu. Mama mwenye kansere ya mlango wa kizazi hagusi mtu. Wengi hufika lopitali ikiwa imeshaenea, kisu hakifai tena, na kwake mionzi pamoja na dawa ndiyo matibabu yenyewe. Huyo ndiye mwenye mashine. Kwa nini jina lake halipo? Tunaona haya?

MWALIMU WA KATUBA
Mama, hapo natia sahihi hata usiku huu. Mashine iombwe kwa jina la akina mama. Kwa watoto iombwe maabara inayoweza kusoma uboho, na dawa zisizokatika katikati ya matibabu. Mistari miwili, karatasi moja.

FUNDI WA RUASHI
Mwalimu, lini uliona mkubwa anakata utepe mbele ya kabati la dawa? Jengo linapigwa picha, metotreksati haipigwi. Mkiongeza mistari mnampa mtu wa mkoa sababu ya kuirudisha. Iliyopo ina sahihi tayari, mimi naipeleka Jumatatu.

MAMA WA KOMINI KENYA
Ipeleke. Na sisi akina mama wa soko tutakuja Jumanne na yetu.