The Sims: toleo lipi lina uhai zaidi, la pili, la tatu au la nne?

Mleta mada

Wakuu, najua hii itawasha moto, lakini acha niiseme. The Sims ni gemu ya kompyuta ya kuendesha maisha ya kila siku ya watu wa kubuni. The Sims 2 iliporudishwa sokoni Januari 2025, mfululizo mzima ukitimiza miaka 25, nilijisemea nitaifungua, nicheke ile michoro ya mwaka 2004, halafu nirudi zangu Sims 4. Sijarudi. Na kilichonishika si kikubwa. Ni jokofu.

Jokofu la Sims 2 linaisha chakula. Kuna siku mtu anaamka ana njaa, anafungua mlango wake, hakuna kitu. Lazima apigwe mtu simu alete, au mwenyewe atoke akanunue. Katika Sims 4 jokofu ni kisima kisichokauka: bofya, pesa inakatwa, mapishi yanaanza.

Nilipoliona hilo nikaanza kuona mengine. Gari la kazini linafika mlangoni, linapiga honi, na baba mwenye nyumba bado yuko bafuni. Akizubaa linaondoka na kazi inayumba. Sims 4 saa ya kazi ikifika mtu anatembea hatua chache, anapotea. Mtoto akizaliwa Sims 2 anarithi kwa jeni kali na jeni dhaifu, kwa hiyo macho ya bluu ya bibi yanaweza kuruka kizazi kizima yakaibukia kwa mjukuu. Halafu kuna kumbukumbu. Mtu akimfumania mwenzi wake, jambo hilo linaandikwa kwake na linabaki. Akiandamwa na mikosi hadi akili iyumbe, anadondoka mtaalamu wa saikolojia kutoka angani kuja kumtuliza.

Hoja yangu ni hii: usumbufu mdogomdogo ndio uhai wenyewe. Sims 4 ilifagia kila kinachokera, na katika takataka zile ikatupa na maisha. Anayebisha aje na mifano.

Mchangiaji wa 2

Nabisha, na mifano ninayo.

Kwanza nikuondolee kazi ya kunikumbusha: ndiyo, Sims 4 ilipotoka Septemba 2014 haikuwa na mabwawa ya kuogelea wala watoto wa umri wa kujifunza kutembea. Bwawa lilirudi Novemba mwaka uleule, watoto hao wakasubiriwa hadi Januari 2017. Ilikuwa aibu, sitetei.

Ila wewe mkuu unaangalia vitu, mimi naangalia watu. Waweke watu wanne sebuleni katika Sims 4. Mmoja anakula, anaangalia televisheni, na papo hapo anamjibu aliye nyuma yake. Wa tano akiingia anajiunga na mazungumzo bila mtu yeyote kuyavunja. Sims 2 mambo yanakwenda kwa foleni: maliza hili ndipo uanze lile. Nani anaishi hivyo?

Na hisia! Mwenye hasira hatembei kama mwenye huzuni. Ukichezea hisia kupita kiasi zinaua: mtu anaweza kufa kwa kicheko, kwa hasira, hata kwa aibu. Hebu nitajie jokofu lenye ujasiri huo.

Mleta mada

Kufa kwa aibu nakupa, hiyo ni kazi ya fundi. Lakini hisia zenyewe nyepesi mno. Mara nyingi nimeona mwenye huzuni akiingizwa chumba kilichopambwa vizuri, dakika chache tu anang'aa. Mapambo yanashinda machozi. Kumbukumbu za Sims 2 huzifuti kwa kutundika picha ukutani.

Mchangiaji wa 3

Mnagombea jokofu na makochi wakati mji mzima uko wazi nje. Nyie watu wa 2 na 4 mnafanana ugonjwa: wote mnaishi ndani ya kuta.

Sims 3, mwaka 2009. Unatoka nyumbani, unapita barabarani, unamkuta jirani anavua samaki, unamfuata hadi bustanini, na hakuna hata mara moja gemu imesimama kukuonyesha mstari unaojaa, ukisubiri sehemu mpya ifunguke. Ukiwa wewe uko kazini, mwanao yuko shule na mama yuko ufukweni, wote unawaona. Na majirani wana yao: wanaoana, wanazaa, wanahama, bila kukuomba ruhusa. Mleta mada anasifu kumbukumbu za mtu mmoja. Mimi naongelea mji unaoendelea ukiwa umeupa mgongo.

Rangi je? Sims 3 unachukua kiti chochote, unakipaka rangi yoyote, unakivisha mbao, ngozi au kitambaa. Sims 4 unachagua katika zile chache walizokuwekea. Nimeshaacha kujenga chumba kizima kwa sababu kahawia ya meza haikupatana na kahawia ya kabati. Sitanii.

Kuna na kitu wengi wanakipita bila kukiona: mji wa Sunset Valley wa Sims 3 ni miaka ya nyuma, kabla ya gemu ya kwanza. Bella, yule mama maarufu aliyetoweka katika hadithi ya Sims 2, hapo ni msichana mdogo, na Mortimer Goth ni mtoto mwenzake. Ukishajua yatakayompata, kumtazama akifanya kazi za shule kuna namna yake.

Kasoro naijua kabla hamjasema. Inakuwa nzito. Kwenye Windows ilitengenezwa kwa biti 32, kumbukumbu ya kompyuta haiwezi kuitumia zaidi ya GB 4 hata ukiwa na lundo, na mji ukizeeka unaanza kuburuza miguu. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa wazi.

Mchangiaji wa 4

Vijana, shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi nimeanza na ile ya Februari 2000.

Will Wright, muundaji wa gemu hii, nyumba yake iliungua katika moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991, na kule kuanza upya, kununua kimoja kimoja, ndiko kulikompa wazo. Mwanzoni gemu ilikuwa ya usanifu wa nyumba. Watu waliwekwa ndani ili waihukumu. Ndiyo maana ile ya kwanza ilikuwa na mahitaji manane, na mawili kati ya hayo yalikuwa starehe ya mwili na hali ya chumba. Kiti kibaya kilikuumiza. Chumba cha giza kilikununisha. Ya pili ikayabakiza. Kuanzia ya tatu yakabaki sita, hayo mawili yakashushwa yakawa vijihisia vya kupita.

Mtoto hakukua, mtu mzima hakuzeeka, na cheo hukupata bila idadi ya marafiki. Ilikuwa gemu katili. Sisemi ni bora. Nasema jokofu la mleta mada lina babu.

Mchangiaji wa 5

Mnalinganisha visivyo sawa. Sims 2 mnayoikumbuka ina nyongeza zake zote nane ndani yake, yaani vile vifurushi vilivyouzwa kando. Magari ya kumiliki yalikuja na nyongeza, hayakuwa ya mwanzo. Mvua na theluji vilikuja 2007. Vikauzwa tena kwa Sims 3 mwaka 2012, na tena kwa Sims 4 mwaka 2018. Mvua ileile tumeinunua mara tatu! Hata mwizi wa usiku, aliyekuwapo tangu ya kwanza, Sims 4 amerudi mwaka 2025.

Mwenye Sims 4 tupu, ambayo tangu Oktoba 2022 ni bure, anacheza gemu tofauti kabisa na mwenye nyongeza kumi. Semeni kwanza mnabishania ipi.

Mleta mada

Hapo umenibana. Basi nimefanya jaribio, bila nyongeza yoyote kuhusika. Familia ya watu wanne, hiari yao imewashwa ili wajiamulie wenyewe, nikaondoa mkono siku tatu za gemu. Sims 4: walikula, walipiga soga, walicheza, vyombo vichafu kila kona, hakuna aliyedhurika. Sims 2: siku ya tatu jokofu tupu, mtoto analia, na watu wazima wawili wanapishana mbele ya simu. Hakuna aliyeinua.

Mchangiaji wa 2

Kwa hiyo huo uhai unaousifu hauwezi hata kujiagizia chakula? Wangu wamekula siku zote tatu, mkuu.

Mleta mada

Wamekula, ndiyo, na hawakunihitaji. Wale wengine nilirudisha mkono nikapiga simu mwenyewe. Aliyeleta chakula alifika mlangoni wakati gari la kazini linapiga honi, baba akasimama katikati asijue aende wapi. Sims 4 haijawahi kunipa dakika kama hiyo.

Mchangiaji wa 3

Sims 3 ungemwona huyo mleta chakula tangu anakata kona.